Moodjar hauli miti mingine

Juzi tena nimemsikia mtu akieleza habari za Nuytsia floribunda, mti wa kusini-magharibi mwa Australia ambao Wanoongar, wazawa wa asili wa huko, huuita moodjar: "Ni kimelea, unakula miti mingine." Sivyo. Ni nusu-kimelea, yaani mmea wa kijani unaojipikia chakula kwa mwanga wa jua, lakini maji na madini huyachukua hasa kwa mmea mwingine.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. Kimelea kimetokana na kumelea, kumea juu ya kitu. Linataja mahali pa kuota tu, kinachochukuliwa halikitaji. Kwa asili hiyo hata okidi iliyokaa kwenye tawi la mwembe inamelea, na haimwibii mwembe hata tone. Kirukia cha kwenye michungwa nacho jina lake linajieleza: kimerukia tawi. Sasa moodjar ni wa familia moja na virukia, Loranthaceae, ila haukurukia tawi lolote. Umesimama ardhini kwa shina lake, hufikia mita 10, na miezi ya Oktoba hadi Januari hufunikwa na maua ya rangi ya chungwa, ndipo walowezi wakauita mti wa Krismasi.

Wizi wake uko chini. Fukua mchanga utakuta mzizi wa jirani, hata wa nyasi, umevishwa pete nyeupe. Ndani ya pete mna ubapa mgumu, mkali kama wembe, unaoukata mzizi huo kwa upana. Kisha chembe za moodjar hujipenyeza kwenye mishipa iliyokatwa. Pete hizo zimewahi kukutwa zimezingira nyaya za simu zilizofukiwa, zimechana ganda lake.

Wataalamu huita kiungo hicho haustoria, kutokana na neno la Kilatini haurire: kuteka maji. Ningependa sana tulishike hilo, kwa sababu anayeteka kisimani hali kisima. Mlaji hasa ni kaskuta, zile nyuzi za manjano zisizo na majani zinazotambaa juu ya vichaka: sukari yake karibu yote hutoka kwa mwenyeji. Moodjar una majani, na sukari yake inapikwa humo.

Kwa hiyo ukiulizwa, sema tu kwamba unateka maji kwenye mizizi ya majirani.