"Huna hati, hulipwi": si kweli

Tangu reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka ianze kujengwa hapa Tanzania, kuna kauli haiishi vijiweni: ardhi ni ya serikali, asiye na hati atoke tu. Ardhi ni ya umma, kweli, na Rais ndiye mdhamini wake. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na haki ya kimila ya kumiliki ardhi inahesabika hata bila karatasi. Mthamini huangalia bei ya soko ya kiwanja, nyumba, hadi miembe na migomba, kisha inaongezwa posho ya usumbufu na ya usafiri. Kwa hiyo usisaini fomu kabla hujaona kila mti wako umeandikwa.

Aliyevamia hifadhi ya barabara ni habari nyingine. Huyo mara nyingi huambulia alama ya X ukutani, yaani nyumba ibomolewe, bila fidia.

Ninaowahurumia zaidi ni mama lishe wa Kigongo, Mwanza, waliotegemea foleni ya abiria wa kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 hawakupoteza ardhi, walipoteza wateja, na fidia ya ardhi haiwagusi. Watu kama hao, kwa maoni yangu, wangetafutiwa vizimba vya biashara kabla nguzo ya kwanza haijasimama.