Shubiri na pilipili hazitibu kideri

Unguja na Pemba, kuku akianza kusinzia tu, shubiri huvunjwa, ikapondwa na pilipili, akanyweshwa. Akipona, dawa husifiwa. Wakifa wote, husemwa ilichelewa.

Kideri, yaani mdondo wa kuku, huletwa na kirusi, na hakuna cha kumnywesha kuku kikakiua, hata antibiotiki za dukani. Aliyepona kaokolewa na kinga yake, au hakuwa na kideri hata kidogo.

Kinga ya kweli ni chanjo. Ile ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingi, hutiwa tone 1 katika jicho moja, awe kifaranga au jogoo, na hurudiwa kila miezi 3 hadi 4. Mlaze kuku ubavu, usimwachie mpaka apepese na tone liingie. Kinga huhitaji wiki 1 hadi 2 kujijenga, kwa hiyo kuchanja vifo vikishaanza ni kazi bure. Tena mikono yako ndiyo itakayosambaza ugonjwa.

Si kila kuku mnyonge ana kideri. Kifua kikiwa mfupa mtupu na kishungi kimepauka, shuku minyoo: mpe piperazini kwa kipimo cha kwenye pakiti. Viroboto waliong'ang'ania machoni, wapake mafuta ya mgando, kisha fagia banda na uchome takataka.

Kinyesi cha kijani, shingo kupinda na vifo vya mfululizo, hapo shuku kideri. Mizoga izikwe shimo refu. Waliobaki wasipelekwe sokoni, wala wasitiwe matengani kuvushwa kisiwa cha pili.