"Patency": neno la uwazi linalodhaniwa la siri

Muuguzi anachomeka bomba la sindano lenye maji ya chumvi kwenye kanula, mrija mwembamba ulioingizwa mshipani, anasukuma polepole huku jicho liko kwenye ngozi. Maji yanapita, mkono hauvimbi. Anaandika kwenye faili: "patent". Ndugu wa mgonjwa akichungulia, atajiuliza hataza, ile haki ya pekee ya mvumbuzi ambayo Kiingereza nayo huitwa "patent", imeingiaje wodini.

Haijaingia. Njia iko wazi, basi. Hali hiyo ya kutoziba Kiingereza huiita "patency", neno adimu nje ya hospitali, kutoka kitenzi cha Kilatini "patere", kuwa wazi.

Wapo wanaolihusisha na "patient", mgonjwa, kwa kuwa yote hukutana wodini. Hilo la pili lina mzizi wake, "pati", kuvumilia maumivu. Yamefanana sura tu.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba hataza, yaani "patent", ni kufuli la siri. Kinyume chake kabisa! Wafalme wa Uingereza walikuwa na barua za aina mbili. Moja ilikunjwa ikafungwa kwa lakiri, huisomi bila kuivunja. Nyingine iliachwa wazi, lakiri ikining'inia chini, ili kila aonyeshwaye aisome: hiyo ndiyo barua "patent". Mwaka 1449 Henry VI alimpa John of Utynam, fundi kutoka Flanders, barua ya namna hiyo: miaka 20 ya kutengeneza vioo vya rangi bila mshindani, kwa sharti la kuwafundisha Waingereza kazi hiyo.

Mapatano hayo bado yapo. Anayeomba hataza hueleza uvumbuzi wake kiasi cha fundi mwenzake kuweza kuutengeneza, na maelezo hayo huchapishwa. Kinachozuiwa ni wengine kuutumia kibiashara bila ruhusa, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya maombi. Mwenye kutaka siri asiombe. Wauza dawa za chupa wa karne ya 19 walilijua hilo: dawa zao ziliitwa "patent medicines", lakini nyingi hazikuwa na hataza yoyote, maana kuiomba kungewalazimu kutaja kilichomo.

Na si kila uwazi wa namna hii ni habari njema. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, kwa hiyo mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aota, ateri kuu itokayo moyoni, hupitisha damu nyingi pembeni. Kwa kawaida hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Usipojifunga, madaktari huuita "patent", na hapo moyo una kasoro ya kufuatiliwa. Mtafsiri anayekimbilia kamusi ataandika "mshipa wenye hataza", na mzazi atabaki akijiuliza nani kaumiliki.