Mbuzi ndani ya uzio: likizo ya watoto kwenye pori letu la Dodoma

Mwaka wa kwanza niliposimamia watoto wa likizo, asubuhi ya siku ya tatu tulikuta seng'enge imekatwa na mbuzi kama thelathini wamo ndani, wanamalizia miche kwenye kitalu. Watoto walishangilia, maana tangu waje hawajaona kitu cha kusisimua kama kile. Mimi nilikuwa nimefura. Nikamfuata mchungaji, mzee mwenye fimbo na koti kuukuu la suti, nikampa shikamoo ya haraka haraka na kuanza kulalamika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, ndipo akasema: "Mwalimu, hayo majani mmeyafungia ndani ili myaangalie?"

Sikuwa na jibu. Wazazi wengi huniuliza programu zetu za likizo zinaendeshwaje na nani anazigharimia. Nikiwajibu kwa ukweli, lazima nianzie kwa wale mbuzi.

Pori letu si hifadhi ya taifa. Liko nje ya jiji, njia ya Hombolo: kilima cha mawe, korongo la mchanga ambalo hubeba maji siku chache tu kwa mwaka, mibuyu, migunga na vichaka vya mkole. Mnyama mkubwa utakayemwona mchana ni digidigi, na ukikaa kimya asubuhi, pimbi wakiota jua juu ya mawe. Familia huja Jumamosi na Jumapili, zinatembea, zinachoma nyama, zinarudi mjini. Shule zikifungwa mwezi wa sita na wa kumi na mbili, tunapokea watoto wa miaka saba hadi kumi na tatu kwa wiki mbili.

Wazazi waliowahi kuishi Ulaya au Marekani huiita kambi ya kiangazi. Ni kweli mwezi wa sita kwetu ni kiangazi, kwa maana hakuna hata tone la mvua, lakini mtoto aliyekuja na kaptura peke yake ataomba sweta kabla ya saa tatu asubuhi. Upepo wa Dodoma wa Juni na Julai haumwonei mtu huruma. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka hazizidi sana milimita 600. Ndiyo maana programu ya Juni na ya Desemba ni vitu viwili tofauti kabisa. Juni unafundisha kwa nyayo, mbegu na magamba ya miti. Desemba unafundisha kwa maua, vyura na wadudu. Anayetaka ratiba moja ya mwaka mzima, Dodoma itamwaibisha.

Turudi kwa mzee. Ilikuja kujulikana kwamba korongo tulilolizungushia uzio ndilo lililokuwa na visima vya mchangani ambavyo vitongoji viwili walivichimba kila kiangazi kwa ajili ya mifugo. Uzio ulipopita, safari ya maji ikawa ndefu maradufu. Juu ya hayo, wajukuu wake walikuwa wanasimama nje ya seng'enge kila siku kuangalia watoto wa mjini wakiletwa kwa basi kuja kuonyeshwa digidigi. Kweli, waletwe kwa basi kuonyeshwa digidigi!

Tulikaa chini ya mbuyu na wazee mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa ya kulaumiana, sitaieleza. Tulichokubaliana ni hiki: lango la korongo linafunguliwa asubuhi kwa ajili ya maji, mbuzi wakipita kwa njia moja tu. Majani yaliyokwisha kudondosha mbegu yanakatwa kwa mundu na kubebwa, mifugo hailishwi ndani. Na kwenye programu ya likizo, nafasi za watoto wa jirani hujazwa kwanza, kabla tangazo halijaenda mjini. Sharti hilo la tatu ndilo lililoleta ubishi mkubwa kwa upande wetu, kwa sababu nafasi ya mtoto wa jirani ni nafasi isiyolipiwa kwa fedha. Baada ya mwaka mmoja ubishi uliisha, kwa kuwa programu ilikuwa imebadilika.

Nitoe mfano wa somo la nyayo. Jioni tunalainisha kipande cha mchanga korongoni kwa tawi la majani, upana wa mikeka miwili hivi, tunaondoka. Asubuhi watoto wanakuja kusoma nani amepita. Zamani nilikuwa nafundisha hivi na kitabu mkononi, watoto wa mjini wakinakili. Siku hizi nanyamaza. Binti wa miaka kumi, ambaye kazi yake nyumbani ni kuchunga, aliinama akasema, "Digidigi wawili, mume na mke." Kijana mmoja kutoka mjini akamwuliza amejuaje kama ni mume na mke. Akajibu kwamba digidigi hatembei na rafiki, anatembea na mwenzake. Ni sahihi: digidigi huishi wawili wawili katika eneo lao, na huweka mipaka kwa rundo la kinyesi mahali pale pale kila siku na kwa ute mweusi wa tezi iliyo karibu na jicho, ambao huupaka kwenye ncha za vijiti. Binti alijua rundo liko wapi. Hakujua habari ya tezi. Kijana wa mjini ndiye aliyeuliza kwa nini jicho lao lina doa jeusi, na hapo mimi nikapata kazi ya kufanya. Saa nzima tulitafuta vijiti vilivyopakwa.

Somo la mbuyu analifundisha bibi mmoja wa jirani, na ninamlipa kama ninavyomlipa mwalimu yeyote. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona miradi mingi inayompa mzee soda na kanga kisha kumwandika kwenye ripoti kama "ushiriki wa jamii". Bibi anaanza kwa kuwasalimu watoto, "Mbukwenyi!", na hasemi neno lingine mpaka waitikie vizuri. Kisha anapasua buyu. Hapo kila mwaka jambo lile lile hutokea: watoto wa mjini hawaamini kwamba ubuyu ni mweupe. Wanaoujua ni ule mwekundu wa kwenye pakiti, wenye sukari na rangi. Wengine wanauonja na kukunja uso, na baada ya dakika tano wanaomba tena. Unga ule hukauka wenyewe ndani ya ganda ukiwa bado mtini, na una vitamini C nyingi; kwa hiyo hauhitaji kiwanda, unahitaji jiwe la kupasulia.

Baada ya hapo anawaonyesha gamba. Miti mingi ukiibandua gamba kuizunguka, inakufa, maana njia ya chakula kutoka kwenye majani imekatwa. Mbuyu hujiponya na kuotesha gamba jipya, ndiyo maana wazee waliweza kusokota kamba kutoka mti mmoja kwa vizazi na mti ukabaki. Ukiangalia shina la mbuyu mkubwa utaona makovu ya kubanduliwa kama mikunjo ya nguo. Mti wenyewe ni laini, umejaa maji, haupasuliwi mbao, na nadhani ulaini huo ndio uliookoa mibuyu ya Dodoma wakati miti mingine iliishia kwenye tanuri za mkaa. Mtoto huuliza lazima: una miaka mingapi? Nawaambia mbuyu ni mti mgumu kuuhesabia umri, kwa sababu pete zake za ndani hazisomeki vizuri na mingi huwa na uwazi katikati. Maua hatuyaoni Juni. Hufunguka usiku, karibu na mvua, na popo ndio huyahudumia.

Kuna somo moja ambalo sipigi picha, na nawaomba wazazi wasinidai picha zake. Kwenye nyufa za mawe ya kilima kuna kobe bapa, ambaye wengine humwita kobe chapati. Gamba lake ni jembamba na linabonyea, tofauti na kobe wengine, na akishtuka hajifichi ndani ya gamba. Anakimbia na kujipenyeza kwenye ufa mpaka huwezi kumtoa. Hutaga yai moja tu kwa wakati, kwa hiyo wakichukuliwa wachache, kilima kizima kinaweza kubaki kitupu. Wamechukuliwa sana kuuzwa nje kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Mwaka 2019 waliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka huo huo mkataba wa kimataifa wa CITES ukawaweka kwenye daraja linalozuia biashara yao ya kimataifa kwa wanyama waliotoka porini.

Sasa fikiria ni nani anaweza kumlinda. Mimi nakaa mjini. Mlinzi wetu analinda lango. Anayejua kila ufa wa kilima kile ni mtoto anayechunga pale tangu ana miaka sita, na ndiye ambaye mnunuzi akija atamtafuta kwanza. Kwa hiyo kwenye somo la kobe, watoto wa jirani ndio viongozi, wanachagua ufa wa kuonyesha, tunachungulia kwa kioo kidogo kinachorudisha mwanga wa jua, hatumgusi, simu zinabaki kwenye kikapu chini ya kilima. Picha yenye alama ya mahali ikipandishwa mtandaoni ni ramani ya mwizi.

Habari za usalama nitazipitia haraka kwa kuwa hazina uchawi: viatu vya kufunika, mkono hauingii pasipoonekana (nge, na kifutu ambaye hulala bila kutikisika), hakuna kelele karibu na mbuyu wenye nyuki, watoto wanane kwa mtu mzima mmoja, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, hata mimi. Kuanzia saa sita jua likiwa kali tuko kivulini tunakula. Chakula ni ugali wa uwele na mlenda siku nyingi. Mzazi aliyewahi kuniletea katoni ya tambi "kwa sababu wangu hali mlenda" nilimrudishia. Mwanawe alikula mlenda siku ya pili, kwa kuwa wenzake walikuwa wanaumaliza.

Fedha sasa. Watanzania tunajua kuchanga. Kadi ya harusi ikiingia kwenye kundi la WhatsApp, ndani ya wiki ukumbi umelipwa. Nimejaribu kuchangisha kambi ya watoto kwa njia hiyo hiyo, nikapata mikono iliyokunjwa ya kuombea na "Mungu awabariki" nyingi. Sijakasirika, harusi ina tarehe, ina mtu unayemjua, na wewe utakula siku hiyo. Kwa hiyo nikaacha kuomba mchango wa jumla na kuanza kuomba vitu vyenye jina. Kiatu namba 34. Debe la ubuyu. Nusu siku ya fundi wa seng'enge. Watu walibadilika mara moja.

Wazazi wa jirani nao hulipa, ila kwa kazi. Mwezi wa saba, majani yakiwa yamekauka, tunafyeka barabara ya kuzuia moto kuzunguka pori, na familia yenye mtoto kwenye programu hutoa mtu siku mbili. Mtoto wake hafiki kama wa msaada. Hili ni muhimu kuliko fulana za sare ambazo wafadhili hupenda kutugawia. Mwaka mmoja kampuni fulani ilijitolea "kutuunga mkono", ikaleta bango refu na maboksi ya maji kwenye chupa ndogo za plastiki. Nchi ilikuwa imeshapiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, nasi tunafundisha watoto habari hizo, halafu tukabaki na magunia ya chupa tupu. Bango lilitufaa zaidi: bibi wa ubuyu analianikia.

Kazi ambayo imevuka uzio na kwenda mbali ni ya visiki. Tangu 2018, mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yamekuwa yakieneza Kisiki Hai mkoani kwetu, yaani kutunza machipukizi ya kisiki kilicho hai badala ya kupanda mche mpya ambao kiangazi kitauua. Watoto wetu kila mmoja huchagua kisiki, anaacha machipukizi machache yaliyonyooka, anapogolea mengine na kufunga kitambaa chenye rangi kama alama. Ndani ya pori ni rahisi. Lakini watoto wa jirani walianza kufunga vitambaa kwenye mashamba ya kwao, na siku moja nilimkuta yule mzee wa koti akimfukuza mbuzi wake mwenyewe kwenye kisiki cha mgunga chenye kitambaa chekundu. Alipoona ninamwangalia akasema tu kwamba ni cha mjukuu, asije akalia.

Programu ya Desemba iko njiani. Mvua za kwanza zikinyesha tutalala pale usiku mmoja na watoto wakubwa, tutundike shuka jeupe, tuwashe taa ya sola nyuma yake na kuhesabu nondo na kumbikumbi wanaokuja. Kumbikumbi watakaozidi, bibi ameshasema atakuja na kikaango. Tuna taa. Tunahitaji mashuka mawili meupe, ya zamani yanatosha, hata yenye tundu.