Sikukuu, presha na kisukari: maswali yanayorudi kila Desemba

Haya ndiyo maswali yanayosikika kwenye kliniki za presha na kisukari kuanzia katikati ya Desemba, watu wanapokuja kuchukua dawa za kusafiri nazo. Mengine huulizwa tarehe 26, muulizaji akiwa tayari kitandani na dripu mkononi. Hayo ya tarehe 26 ndiyo tungependa yaishe.

Presha na kisukari ni nini hasa?

Presha ya kupanda ni msukumo wa damu kwenye mishipa kufika 140/90 au zaidi, ukipimwa zaidi ya mara moja kwa siku tofauti. Kisukari ni mwili kushindwa kuitumia sukari iliyomo kwenye damu, kwa sababu insulini haipo, haitoshi au haifanyi kazi yake. Vidonge haviyaondoi maradhi haya. Vinayashikilia kwa muda dawa ikiwa mwilini, na ikiisha yanarudi yalipokuwa.

Kwa hiyo Krismasi nisile pilau?

Kula, hakuna aliyekukataza. Kinachoangaliwa ni sahani. Pilau iwe kiasi cha ngumi yako, nyama isiyo na mafuta iwe kiasi cha kiganja, na nusu nzima ya sahani iwe kachumbari, mchicha au kabichi. Sahani ni hiyo moja. Kwetu mtu hupita nyumba nne kwa siku moja, na kila nyumba ukikataa chakula unaonekana una maringo. Kula kwenye nyumba moja. Kwingine omba maji, au waombe wakufungie.

Usishinde na njaa tangu asubuhi ili "kuacha nafasi". Anayetumia insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, atashuka sukari kabla pilau halijapakuliwa, na asiyetumia atakula maradufu.

Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ile ya kwenye mchuzi, mkate na viungo vya pakiti. Ule mlima mdogo wa chumvi unaoletwa pembeni ya nyama choma hauhitajiki hata kidogo.

Na soda?

Chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, na nyingine zinazidi hapo. Mtu mwenye kisukari asiinywe, isipokuwa sukari yake imeshuka. Juisi ya embe au ukwaju uliyotengeneza nyumbani na kuitia sukari haina unafuu wowote kwa sababu tu umeikamua mwenyewe.

Naweza kupumzika dawa siku mbili tatu nifurahie, nianze tena baada ya sikukuu?

Hapana.

Ukiacha dawa Krismasi unaiacha siku ileile unayokula chumvi, mafuta na sukari nyingi kuliko siku zote, unalala kidogo na pengine unakunywa pombe. Yaani breki zinafunguliwa gari likiwa mteremkoni. Dawa nyingine za presha, kama atenololi, zikikatwa ghafla mapigo ya moyo na presha hupanda kwa kasi, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo hiyo inaweza kuwa hatari kubwa. Kwa mwenye kisukari cha utotoni, kile kinachohitaji insulini tangu mwanzo, kukosa insulini hata siku moja kunatosha kumfikisha hospitali akitapika, akihema kwa nguvu na pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Hata siku moja tu, kwa sababu nitakunywa bia?

Hapana, hata siku moja. Sababu hii ndiyo tunayoisikia kuliko zote: "Nimeambiwa dawa haziendani na pombe, kwa hiyo nimeacha dawa." Ulichoambiwa uache ni pombe. Sijui ni nani wa kwanza kuigeuza sentensi hiyo, lakini imewapeleka wengi wodini.

Ukweli wenyewe ni huu. Pombe yenyewe inapandisha presha, kwa hiyo aliyekunywa ana sababu zaidi ya kumeza kidonge chake cha presha. Kwa mwenye kisukari, pombe hulizuia ini kutoa sukari lililoihifadhi. Anayetumia insulini au glibenklamaidi anaweza kushuka sukari saa nyingi baadaye, usiku wa manane. Na dalili zake ni zilezile za ulevi: jasho, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, kuyumba. Wenzake wanasema amezidisha, wanamlaza kwenye kochi. Asubuhi haamki.

Kama daktari wako amekuruhusu kunywa, iwe bia moja, ukiwa umeshakula, na usilale bila kupima sukari na kula kitu. Pombe za kienyeji kama mbege na rubisi hazina kipimo kwenye chupa, kwa hiyo hesabu ya "vibuyu viwili tu" haitusaidii wewe wala sisi. Gongo usiiguse.

Lakini nilipimwa juzi, presha ikawa 128/80. Si nimepona?

Hapana. Hiyo 128/80 imeletwa na dawa. Na presha haiumi: unaweza kuwa na 190/110 na unacheza muziki vizuri tu. Kutojisikia vibaya si kipimo.

Nasafiri na basi, na dawa yangu inakojoza. Niiache siku ya safari?

Usiiache, isogeze. Wengi wanaokwenda Moshi au Bukoba hufanya hivi kimyakimya, wanaacha Lasix siku ya kwenda na ya kurudi, na mwenye moyo dhaifu anafika miguu imevimba na hawezi kulala chali. Muulize anayekuhudumia kliniki kabla ya kusafiri; mara nyingi dozi ya asubuhi inaweza kumezwa ukishafika, ilimradi si usiku sana.

Dawa zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye buti, na ziwe za siku saba zaidi ya zile ulizopanga kukaa, kwa sababu magari hujaa na tarehe za kurudi husogea. Insulini haivumilii joto la buti wala barafu: ifunge kwenye kitambaa chenye unyevunyevu, mbali na jua. Kijijini kusiko na friji, chungu chenye maji kinaipoza vya kutosha. Chupa ikae kwenye kimfuko isilowe.

Nimesahau dozi ya jana. Nimeze mbili leo?

Usimeze mbili. Endelea na ya leo kwa wakati wake.

Ndimu na kitunguu saumu si vinakata mafuta?

Havikati. Weka ndimu kwenye kachumbari kwa ladha yake. Chai za "kusafisha damu" zinazouzwa Januari zinaharisha tu, na kuharisha kunaweza kuumiza figo za mtu anayetumia dawa za presha.

Sukari ikishuka nifanye nini?

Chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine, au una jasho, njaa kali na mtetemeko na mashine haipo: koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini rudia. Ikipanda, kula chakula. Aliyezimia asimiminiwe kitu chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mtafutieni usafiri.

Dalili zikija usiku wa mkesha, nisubiri sikukuu ipite?

Hapana. Idara ya dharura ya hospitali haifungwi Krismasi.

Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukwama: hicho ni kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kipimo cha kichwa lazima kitangulie. Kuchuliwa mafuta na shangazi kwa siku mbili, kwa kuwa "amepigwa na upepo", kunazimaliza saa hizo zote. Kwa hiyo nauliza na mimi: unasubiri nini?

Kifua kubana katikati, jasho jembamba, maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkono wa kushoto: usiseme ni gesi ya nyama choma, huenda ni moyo. Wenye kisukari wakati mwingine hawapati maumivu, wanaishiwa pumzi tu na kuchoka ghafla.

Presha ya 180/120 pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au kuchanganyikiwa, nenda. Kutapika bila kukoma huku sukari iko juu, nenda. Saa nane usiku, nenda kwa bajaji, kwa gari la jirani, kwa chochote.

Mkiondoka nyumbani bebeni pakiti za dawa anazotumia mgonjwa pamoja na kadi yake ya kliniki, na mtu anayejua dalili zilianza saa ngapi.