Gemu za maharamia kwenye simu: uongo wake na ukweli wake

Gemu hizi zinafanana sana. Unapewa meli ndogo, unaielekeza kwa kidole, unateka, unachimba kisiwani, sanduku linafunguka na dhahabu inamwagika. Zinaburudisha kweli, na sina ugomvi na anayezicheza. Ila vijana wengi habari za maharamia wamezijulia humo tu, na humo mambo mengi yamepindishwa.

Dhana: maharamia ni habari za Karibi.

Ramani ya gemu karibu zote ni ya kule. Lakini mateka manono kupita kiasi yalipatikana huku kwetu, Bahari ya Hindi. Mwingereza Henry Every alipita Nzwani, Komoro, mwanzoni mwa 1695, kisha akaenda kuvizia mlango wa Bahari ya Shamu, mahali ambapo merikebu zinazorudi Surat, India, hazina njia nyingine ya kupita. Mwezi Septemba mwaka huohuo akaikamata Ganj-i-Sawai, merikebu ya mfalme Aurangzeb wa India, iliyosheheni dhahabu na fedha, na ndani yake mahujaji wanaotoka Makka. Watu wale waliteswa siku kadhaa ili waonyeshe walikoficha mali zao. Wanawake walibakwa. Every mwenyewe alitoweka mwaka 1696 na hakukamatwa kamwe.

Kwenye gemu, meli unayoishambulia haina watu. Unapiga mizinga, inazama, sarafu zinaelea juu ya maji, unazizoa, unasonga mbele. Kwa maoni yangu hili ni kosa zito kuliko mengine yote, maana linamfuta kabisa mwenye mali. Mtoto anayejua jina la kila meli ya gemu yake anastahili kujua pia kwamba waliotekwa walikuwa wafanyabiashara, mahujaji na mabaharia wa bahari hii yetu.

Dhana: hazina huzikwa, na ramani ina alama ya X.

Haramia William Kidd alizika sehemu ya mali yake mwaka 1699 katika kisiwa cha Gardiners, karibu na New York. Haikudumu ardhini: wakuu wa serikali waliifukua mwaka huohuo, ikapelekwa London iwe ushahidi, na Kidd akanyongwa mwaka 1701. Ramani yenye alama ya X ilienezwa na riwaya moja ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1883. Maharamia walio wengi waligawana na kutumia, hawakuwa na cha kuzika. Tena mateka mengi hayakuwa dhahabu hata kidogo. Blackbeard alipouawa Novemba 1718, North Carolina, mali iliyokutwa ilikuwa sukari, kakao, nili na pamba.

Hata hivyo ndoto haifi. Shelisheli, huko Bel Ombre kisiwani Mahé, watu wamechimba na kulipua miamba tangu miaka ya 1940 wakitafuta hazina ya Mfaransa Olivier Levasseur, aliyenyongwa Réunion mwaka 1730. Hazina yenyewe haijaonekana.

Dhana: nahodha ni mfalme wa meli.

Katika meli ya haramia Bartholomew Roberts kila mtu alikuwa na kura, nahodha alichukua mafungu mawili tu ya mateka, na aliyepoteza kiungo vitani alilipwa fidia kutoka mfuko wa wote.

Dhana: meli huenda popote unapoitaka.

Nahodha yeyote wa jahazi, Lamu au Unguja, atakataa. Chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja kunakotoka upepo. Kinapiga bisha: kinakwenda mshazari, tanga linahamishwa upande, kinarudi mshazari tena, na safari fupi inaweza kula siku nzima. Kusi na kaskazi ndizo zilizopanga nani asafiri lini, na haramia aliyejua msimu alijua wapi pa kusubiri. Si kwamba upepo hauwezi kuingizwa kwenye gemu. Sid Meier's Pirates! ya mwaka 1987 ilikuwa nao, na kurudi mashariki kulikuwa kazi kwelikweli.

Dhana: sanduku la gemu ni bahati yako tu.

Bahati hiyo imeandikwa na watengenezaji kwenye programu. Wao ndio wanaoamua sanduku la dhahabu litoke mara ngapi kati ya mia, na saa ile inayokuambia usubiri kwa muda wa saa nane au ulipe ufungue sasa imewekwa kwa makusudi ili uchoke kusubiri. Mwaka 2018 Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya namna hii yanayouzwa kwa pesa ni kamari. Apple, tangu Desemba 2017, inawataka watengenezaji waonyeshe uwezekano wa kupata kila kitu kabla mchezaji hajanunua. Mara nyingi orodha hiyo hukaa nyuma ya alama ndogo ya kuuliza pembeni mwa sanduku. Iguse, uisome, ndipo uamue kama pesa yako itoke.