Ufunguo wa kompyuta unaovaliwa mwilini: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Anayenunua pete au bangili ya kufungulia kompyuta kwa kawaida huuliza inafungua kwa haraka kiasi gani. Mimi huanza na swali jingine: ukinyanyuka kitini, nani anafunga?

Dhana: "Ufunguo ninao mwilini, kwa hiyo nikiondoka kompyuta itajifunga."

Inategemea umevaa nini. Pete ya NFC, yaani ya mawasiliano ya mawimbi ya umbali mfupi sana, haina betri. Chipu yake hupata umeme kutoka kwenye kifaa cha kusomea, pale tu unapoisogeza umbali wa sentimita chache. Ukiondoa kidole, pete imelala, na kompyuta haijui kama bado umekaa au umeshafika mlangoni. Yalinikuta. Nilikwenda kuchukua karatasi kwenye printa, pete kidoleni, nikarudi nikamkuta mwenzangu ameinama juu ya meza yangu akitafuta kalamu, barua pepe zangu ziko wazi mbele ya macho yake.

Bangili ya Bluetooth huendelea kuwasiliana na kompyuta, lakini mawimbi yake hupenya ukuta. Unaweza kuwa chumba cha pili na skrini ikabaki wazi. Tena watu wawili wenye vifaa vya kupokezana mawimbi, mmoja karibu nawe na mwingine karibu na mashine, wanaweza kuidanganya kwamba bado upo. Magari yanayofunguka bila kuchomeka ufunguo huibwa kwa mbinu hiyohiyo.

Kinachonipa imani zaidi ni kamba. BusKill, kwa mfano, ni waya wa USB wenye kiungo cha sumaku katikati: ncha moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye mkanda wa suruali. Mtu akiikwapua mashine, sumaku inaachia, programu inaona kifaa cha USB kimetoweka, na papo hapo inafunga skrini au kuzima kompyuta, kadiri ulivyoipanga. Hakuna mawimbi ya kurefushwa. Oktoba 2013, katika maktaba ya Glen Park jijini San Francisco, maafisa wa FBI walimkamata Ross Ulbricht, mwendeshaji wa soko haramu la Silk Road. Wawili walijifanya wanagombana nyuma yake, akageuka, na kompyuta yake ikachukuliwa ikiwa wazi. Mwizi naye anaweza kukugeuza kichwa vivyo hivyo.

Dhana: "Bila ufunguo wangu, mwizi hafiki kwenye mafaili."

Kama diski haijasimbwa, yaani mafaili yake hayajageuzwa yasisomeke bila siri ya kuyafungulia, anafika. Bisibisi, dakika chache, diski inatolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, na picha, mikataba na barua zote zinasomeka. Pete haikuulizwa chochote. Washa kwanza usimbaji wa diski: BitLocker kwenye Windows, FileVault kwenye Mac, LUKS kwenye Linux. Halafu, unaposafiri na kompyuta, izime kabisa. Ikiwa imelala tu, siri ya kufungulia diski huwa bado imo kwenye kumbukumbu ya RAM. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba chipu za RAM zikipozwa sana huhifadhi siri hizo kwa muda hata baada ya umeme kukatwa, na wakazisoma.

Dhana: "Pete zote ni zilezile, tofauti ni bei."

Hapana, na hapa watu hupoteza fedha. Chipu nyingi zinazotumia mawimbi ya kilohezi 125 hutaja namba ileile kila zinapoulizwa, na anayeisikia mara moja anaweza kuinakili. MIFARE Classic, aina nyingine ya chipu, ilijaribu kuficha mazungumzo yake na kifaa cha kusomea, lakini kufikia 2008 watafiti walikuwa wameshaivunja siri yake. Ufunguo wa FIDO2, kiwango cha kuingia kwenye akaunti bila nywila, hufanya kazi tofauti: huletewa swali jipya kila mara, hulitia saini ndani ya chipu, kisha hutoa saini hiyo tu. Siri yenyewe haitoki. Kabla ya kulipa, hakikisha pete inatumia FIDO2, na kwamba mfumo wa kompyuta yako unaikubali wakati wa kuingia, maana nyingine hukubalika kwenye tovuti tu.

Dhana: "Nikiipoteza nimejifungia nje."

Sajili mbili tangu siku ya kwanza, ya pili ibaki mahali salama. Ukipoteza moja, ingia kwa nyingine na uifute iliyopotea. Ukiwa umeiwekea namba ya siri, aliyeiokota akikosea mara 8 mfululizo, ufunguo unaacha kuipokea namba hiyo.